Meno ya Mwenye Ploti

Kazi ya Mideva ni kuwalaza watu. Katika hospitali ndogo pale Umoja, yeye ndiye mtoa nusukaputi. Daktari wa upasuaji hagusi kisu mpaka Mideva aseme mgonjwa amelala. Ni mpole, ila hasamehi bure. Ukimkosea utalipa tu, na siku ataichagua yeye.

Siku ya Njogu ilikuwa Jumanne. Njogu ana ploti ya magorofa kule Tassia. Mama yake Mideva alikuwa akikaanga samaki langoni pa ploti hiyo, na Njogu, akitaka lango lake lipendeze, alilipiga teke karai la mafuta moto. Mguu wa mama una kovu hadi leo. Pole hakupewa.

Sasa Njogu alikuwa amelazwa, ngiri inamtesa, na kando yake ameketi Kui, mchumba wake mpya mwenye kucha ndefu.

"Mzee, una meno ya bandia?" Mideva alimuuliza, kama anavyouliza wote.

"Haya nilipewa na Mungu," Njogu akacheka, jicho kwa Kui.

"Hebu fungua mdomo."

Ufizi wa juu ulikuwa plastiki tupu. Mideva akainama sikioni pake. "Ukilala nayo yatateleza kooni, ukose pumzi. Yatoke, ama urudi Tassia na ngiri yako."

"Daktari, mtoe huyu msichana kwanza," Njogu akanong'ona. "Nakuomba."

Kumtoa Kui lilikuwa jambo dogo. Lakini mzigo haufungwi kabla bei haijatajwa.

"Yule mama wa samaki pale langoni kwako ni mama yangu. Utampigia simu umwombe msamaha, ndipo Kui atoke."

Njogu alijaribu kukaza uso. Ngiri ikamchoma. "Haya, haya!"

Kui akapelekwa nje ya pazia. Mideva akapiga simu, akaweka spika.

"Mama, ni Njogu wa ploti. Ile siku ya mafuta... pole."

"Nani? Huku sokoni kuna kelele, baba. Paza sauti."

"Nilikumwagia mafuta! Nisamehe!"

"Sema kama mwanaume! Ulinifanya nini? Na hawa wenzangu wasikie."

Njogu akayapaza yote: teke, karai, mguu ulioungua, hata vile alivyoondoka akicheka.

"Nimesikia," mama akasema. "Kukusamehe nitafikiria." Akakata simu.

Meno yakatoka, yakaingia kikombeni. Kule kwenye chumba cha upasuaji Mideva alikaa kando ya kichwa cha Njogu, hakumwondolea macho mpaka uzi wa mwisho ukafungwa. Wenzake walidhani ni huruma. Wapi! Maiti haoni aibu. Mideva alimtaka aamke.

Akaamka, akapapasa kando ya kitanda. "Kui yuko wapi?"

"Ameenda, mzee. Pazia letu ni kitambaa tu, na wewe ulipiga kelele sana."