Tedi za Juu ya Kabati

Juzi akina mama wa kanisa letu walikuwa wakikusanya tedi za kupelekea watoto hospitalini, nami nikapewa kazi ya kuzifunga kwenye karatasi za nailoni zisishike vumbi. Nilishindwa. Keti kidogo, rafiki yangu, nikueleze.

Miaka ya tisini, nikiwa bado shule ya msingi, nilianguka kutoka juu ya mparachichi nikavunjika paja. Nikalazwa wodi ya watoto huku kwetu Kericho, mguu umening'inizwa kwa kamba yenye jiwe zito. Kila alasiri mvua ilipiga mabati hadi hatusikizani. Ikikatika, upepo ulileta harufu ya chai ikikaushwa kiwandani. Nyanya alikuja na chupa ya mursik, maziwa yetu ya mgando, akinung'unika, "Mfupa hauungwi na uji wa maji."

Kitanda cha pili alilala msichana mdogo wa chekechea mwenye homa isiyoshuka. Mama yake alichuma chai kwenye shamba la kampuni. Asipoonekana asubuhi, kazi anapewa mwingine. Kwa hivyo mtoto alishinda peke yake, macho juu ya kabati.

Pale juu zilikaa tedi ambazo wageni walikuwa wametuletea. Sista wa wodi alizipanga vizuri, kila moja ndani ya nailoni yake. Usimlaumu upesi. Kwetu wakati ule kitu kizuri kilifunikwa. Redio ilivalishwa kitambaa cha kufumwa, vikombe vya maua vilingoja wageni, na sofa mpya haikuvuliwa nailoni mpaka ichanike yenyewe. Mtoto mgonjwa atapikie zawadi ya watu? Huko kungekuwa kukosa shukrani.

"Nataka ile ya kahawia," msichana alilia.

"Ukipona, mama, utaishika," sista alimwambia kwa upole.

Mvulana wa kitanda cha dirishani akanipigia kelele, "Wewe Mguu Juu, si urushe hilo jiwe lako uiangushe!"

Wodi nzima ikacheka. Hata msichana alitabasamu, akanitazama, akangoja. Nilijaribu kuinuka. Kamba ikanirudisha kwenye mto.

Halafu siku moja hakuitaka tena. Macho yake yaliacha kutazama kabati. Nyanya, aliyekuwa akinilisha, aliweka kijiko chini.

"Sista, mpe huyu mtoto kile kitu."

"Lakini kogo," sista alisema, akimwita nyanya kwa lugha yetu, "waliozileta watarudi. Wakizikuta chafu?"

"Si zinafuliwa!"

Sista alipanda juu ya stuli, akararua nailoni, akailaza tedi kifuani pa mtoto. Vidole havikushika. Nyanya akavikunja juu ya manyoya, vikafunguka. Akavikunja tena.

Mama yake alifika jioni, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai, akakuta shuka imefunika kitanda mpaka juu. Alilia hadi sauti ikaisha. Kisha akaiokota ile tedi, akaifuta manyoya kwa ncha ya leso, polepole, akamrudishia sista.

"Hajaichafua," alisema.

Wodi ile ilibomolewa, na nyanya alishatuacha. Vitambaa vya redio vimetoweka majumbani, wala sisemi vilikuwa vibaya; vilikuwa heshima yetu. Lakini neno lile la yule mama ndilo lililonirudia juzi niliposhika nailoni. Siku ile sista alisimama tu na tedi mkononi, na sisi watoto tukatazama dari.