Sweta ya Fadhul

Mwaka ule wa sabini na tisa, magunia ya nailoni yalitoweka Koboko, kaskazini mwa Uganda, na Kaltumu akakosa uzi wa kufumia madodoki ya kusugulia sufuria. Biashara yake ilikuwa hiyo tu. Watoto walishinda njaa. Ukutani ilining'inia sweta ya kijeshi ya mumewe, Fadhul, aliyepelekwa vitani na kunyamaza kimya.

Njaa mbwa hii! Akaifumua.

Alikuwa akifuma kwa spoku ya baiskeli iliyopindwa ncha, mama mkwe wake, Medina, alipoingia akaona uzi wa kijani.

"Hii uzi iko ya nani?"

"Ya Fadhul, Mama."

Medina akaketi chini kama aliyepigwa. Kwao, nguo za mume hazifumuliwi wala hazigawiwi mpaka azikwe.

"Kumbe ulipata habari, ukanificha!"

Kabla Kaltumu hajakanusha, bibi alikwishaangua kilio. Majirani wakamiminika, na kila mwanamke alibeba chakula cha msiba.

Watoto waliparamia sahani. Kaltumu akawatazama wakilamba vidole, akajifunika kanga usoni, akalia na wenzake.