Mguu Usio na Karatasi

Chwak. Ndivyo ulivyolia mfuko wa njegere za friza Phyllis alipoubamiza kwenye meza ya jikoni, punje zilizogandana ziachane, zipate kulala vizuri juu ya kifundo cha mguu wa binti yake. Ilikuwa mwezi wa sita, madirisha wazi, na Nkatha ameketi akila tikiti maji kama mtu asiye na neno.

Sauti hiyo ilimrudia Phyllis mwezi wa kwanza, saa kumi na mbili asubuhi, theluji ikipapasa kioo. Mwanamke wa ofisi ya klabu ya soka huko Uingereza, ambako kumeshakucha zamani, alikuwa akimuuliza kwa simu, "Na karatasi ya jeraha hilo, nani anayo?"

"Karatasi," akasema Phyllis, kama mtu aliyeulizwa habari za ng'ombe aliyekwisha kumuuza.

Nkatha alikuwa winga wa kulia, miaka kumi na tisa, na klabu ile ilimtaka. Walikuwa wamekubaliana kila kitu, hata namba ya jezi. Kilichobaki ni kibali cha kazi. Mwanamke wa klabu alieleza polepole, kama anayemfunza mtoto kufunga kamba za viatu. Mchezaji kutoka nje hapewi kibali kwa kuwa tu anajua mpira. Anahesabiwa alama, na alama nyingi hutokana na dakika alizocheza msimu uliopita. Nkatha alikosa mechi tano mfululizo. Zikichukuliwa kuwa mechi alizoachwa, alama hazifiki. Ikithibitika kwamba alikuwa ameumia, mechi hizo zinaondolewa kwenye hesabu, na alama zinatosha. Basi mtu wa afya aliyemtibu aandike, atie sahihi, na barua ifike kabla ya Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

"Tatizo," mwanamke akamalizia, "ni kwamba kocha wake anasema alikosa kwa sababu ya mambo ya nyumbani."

Phyllis alifumba macho. Ujumbe huo kwa kocha aliuandika yeye mwenyewe, kwa kidole chake.

Phyllis alitoka Nkubu, Meru, miaka ishirini iliyopita, na tangu hapo amekuwa nesi katika makao ya wazee mashariki mwa jiji la ughaibuni. Kazini anaandika kila kitu. Nani amekunywa uji, nani amekataa, nani amegeuzwa ubavu saa nne. Lakini akivuka daraja la Crescent Town, akipanda lifti hadi ghorofa ya kumi na saba na kuvua viatu mlangoni, kalamu inabaki kwenye koti. Candide wa ghorofa ya tisa huja kupimwa shinikizo la damu, mtoto wa jirani huja na goti lililochubuka, na hakuna anayeandikwa popote. Anayeingia jikoni kwa Phyllis amekuja kunywa chai. Akitoka amepona, hiyo ni bahati yake.

Ndivyo alivyomtibu Nkatha pia. Kumpeleka mtoto wa nesi kwa nesi mwingine aliona ni aibu, na kumtangaza kwa kocha kwamba ni mgonjwa aliona ni kumharibia jina. "Mambo ya nyumbani" lilikuwa jibu la heshima. Nani angechimba zaidi?

Nkatha alitoka chumbani, kofia ya sweta kichwani. Alikuwa amesikia. Alisema kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia chote ila hukijibu kwa lugha aliyokulia shuleni, "Mami, si uandike wewe? Wewe ni nesi. Ulinitibu wewe."

"Nitaandika lini? Leo?"

"Weka tarehe ya mwezi wa sita."

Phyllis alimtazama mpaka binti akashusha macho.

"Nimeandika habari za wazee wa watu miaka ishirini," akasema. "Sijaandika ya jana nikaiita ya juzi. Sitaanza na wewe."

"Basi siendi."

"Sijasema huendi. Kunywa chai."

Alimpigia mumewe, Gitonga, ambaye huendesha lori la mizigo kutoka Brampton na wiki hiyo alikuwa mbali, Manitoba. Gitonga alisikiliza, akasema mambo ya Mungu hayakosi njia, kisha mtandao ukakatika. Phyllis alibaki na simu mkononi. Hilo neno la Mungu lilimkumbusha kundi la maombi.

Kanisa lao lina kundi kwenye WhatsApp, na katibu wake ni Ndegwa, mhasibu mstaafu ambaye hajawahi kufuta kitu. Kila ombi analiwekea namba, na likijibiwa anaweka alama ya tiki.

"Mama Nkatha," akasema Ndegwa alipopigiwa na kutajiwa mguu wa Nkatha, sauti yake ikiwa macho kabisa, "unatafuta kifundo?"

"Natafuta kifundo."

"Mwezi wa sita, tarehe tisa. Ombi la arobaini na moja, kati ya visa ya shemeji yake Kinoti na kikohozi cha mchungaji. Ulituma na picha. Kusema kweli picha hiyo ilituharibia chakula cha jioni."

"Lilitiwa tiki?"

"Tarehe kumi na nne ya mwezi wa saba. Tulimshukuru Mungu, na wewe ukaleta maandazi."

Picha ilifika. Mguu ulikuwa umevimba, wa zambarau kama bilinganya. Nkatha alicheka. Phyllis alijua picha ya kanisani haitamshawishi mtu wa ofisi Uingereza. Lakini aliiangalia tena, kwa sababu kisigino hicho kilikuwa kimeshikwa na mkono, na mkono huo haukuwa wake. Ulikuwa na bangili nne za dhahabu.

"Farhat," akasema.

Farhat anatoka Mombasa na anaishi Richmond Hill. Ni mtaalamu wa viungo, na Jumatatu na Alhamisi huja kuwanyoosha magoti wazee wa Phyllis. Siku ile alikuja Crescent Town kutembea, akauona mguu, akavua pete, akapiga magoti sakafuni. Akarudi mara mbili tena. Phyllis hakuwahi kuliita hilo matibabu. Farhat alikuwa mgeni, na mgeni hadaiwi alichopikiwa.

Kwa hiyo alimpigia kwa woga. Alimuuliza habari za nyumbani, za mama yake, za baridi, za barabara, akarudi tena kwa mama yake.

"Shoga," Farhat akamkatiza, "mama yangu mzima. Nimekwisha kukwambia mara mbili. Sema."

Phyllis akasema. Mwishoni akaongeza, "Najua ulikuja kunywa chai tu. Sikuombi uandike uongo."

Upande wa pili kikasikika kicheko.

"Chai nilikunywa. Mguu nikaushika. Nikishika mguu wa mtu, nimeuandika, hata uwe wa mfalme. Mara tatu, na tarehe zake. Huyo mwanao alitia sahihi kukubali. Wewe ulikuwa unasonga ugali na kunifokea nisisumbuke."

"Uliandika?"

"Phyllis, wewe ukimpa mzee dawa, huandiki?"

Phyllis alikaa kwenye kiti kile kile alichokalia Nkatha na tikiti lake.

Barua ilikwenda Jumatano, ikiwa na muhuri wa kliniki ya Farhat. Phyllis aliandika na yake, mistari sita, akimweleza kocha kwamba mambo ya nyumbani yalikuwa mguu, uliotibiwa jikoni yeye akisonga ugali, na kwamba aliyeficha ni yeye, si mtoto. Mstari huo wa mwisho ulimchukua muda mrefu kuliko mitano ya kwanza. Kocha aliithibitisha siku hiyo hiyo, akaongeza kwamba angependa siku moja kuonja ugali huo.

Jumanne iliyofuata mwanamke wa klabu alipiga tena, saa kumi na mbili vilevile. Mechi tano zilikuwa zimeondolewa. Alama zilitosha. Nkatha alikimbia ukumbini akiwa na soksi moja, na Candide, aliyekuwa amepitia kupimwa kabla ya kwenda kazini, alipigwa busu ambalo bila shaka lilimpandisha shinikizo.

Uwanja wa ndege ulikuwa na foleni ndefu. Gitonga alisukuma masanduku akijifanya anatafuta kaunta ambayo ilikuwa mbele yake. Farhat alileta kachori. Mtu wa ukaguzi aliita wanaofuata.

Phyllis akainama kama anayefunga kamba ya kiatu cha mwanawe, ingawa ilikuwa imefungwa. Kidole gumba kilizunguka kifundo mara moja, kikitafuta kitu, kisikipate. Alipoinuka alimvuta Nkatha sikio.

"Ukiumia," akanong'ona, "usiningoje. Waambie waandike."