Bi Lehemu na Kasha la Meno

Bi Lehemu alianza ufundi akiwa na miaka tisa, siku alipoifungua redio ya baba yake iliyokuwa ikipiga miluzi. Alipoifunga, skrubu tatu na kidude kimoja vilibaki mkononi, na redio ikaimba vizuri kuliko kwanza. Baba yake hakujua ampe adhabu au ampe na pasi aitengeneze.

Alipokua aliweka meza yake kwenye kibaraza, akashika chuma cha kulehemu, na jina lake la kuzaliwa likasahaulika mtaa mzima. Mumewe alikuwa kinyozi. Walijuana kwa sababu ya mashine ya kunyolea iliyokuwa ikifika mezani pale kila Jumanne na ugonjwa mpya. Wiki ya nne Bi Lehemu akamwambia, "Kaka, mashine hii haiharibiki. Inaharibiwa." Kinyozi akainama, akakiri kwamba waya alikuwa akiukata mwenyewe kwa mkasi. Mwaka haukuisha wakaoana.

Waliishi nyumba moja na mama mzazi wa kinyozi, mjane aliyestaafu kazi ya kukagua tiketi kwenye treni. Miaka thelathini ya kuwatoa watu waliojificha chooni ilikuwa imemwachia jicho ambalo hata paka wa jirani alilikwepa. Bi Lehemu alimheshimu mama mkwe wake kwa moyo wote, na alimwogopa kwa kiasi hichohicho.

Basi ikatokea kwamba ukumbi wa michezo wa mtaa wa pili ulifungwa, na kinyozi akarudi kutoka huko na mashine ya gemu ya zamani, ile ya kusimama, ndefu kama kabati la nguo, yenye kioo kifuani, kijiti cha kuelekezea na vitufe viwili. Ndani ya kioo kulikuwa na mzimamoto mdogo mwenye kofia nyekundu, anayeruka paa hadi paa akizima moto. Kitufe kimoja cha kuruka, kingine cha kumwaga maji. Mashine iliwekwa kwenye kona ya duka la kinyozi, na tangu siku hiyo wateja wakawa hawataki zamu yao ifike. "Mpitishe huyu kwanza, mimi sina haraka," alikuwa akisema mtu aliyeingia anahema.

Raha hiyo ilidumu miezi miwili. Asubuhi moja kinyozi alifungua duka akakuta kijiti kimeng'oka, kinaning'inia. Lawama zilimwangukia mwalimu wa hesabu, mteja wa mwisho wa jana yake, ambaye alikuwa akicheza kwa mwili mzima: mzimamoto akiruka, naye anaruka. Mwalimu aliapa kwamba alikiacha kizima. Kinyozi akajibu kwamba hajamtuhumu mtu, kwa sauti ya mtu anayetuhumu. Mwalimu akachukua kofia yake akaondoka, na nywele zake akaanza kuzipeleka kwingine. Mama mkwe, ambaye ndiye aliyekuwa akifagia duka kila asubuhi kabla halijafunguliwa, hakusema neno.

Kijiti cha aina ile kilikuwa hakitengenezwi tena. Bi Lehemu alijaribu gundi, akajaribu bolti, akajaribu mpini wa mwiko. Hakuna kilichomaliza siku mbili. Ndipo akaikumbuka padi ya gemu, ile ya kushika kwa mikono miwili, aliyoachiwa na mteja ambaye hakurudi kuichukua.

"Nitaiunganisha hii," akamwambia mumewe.

"Hiyo ni ya juzi, na mashine ni ya enzi za babu. Zitaelewana?"

"Hazitaelewana. Ndiyo maana natengeneza adapta."

Akamweleza, na mimi nawaeleza kama alivyoeleza. Mashine ya zamani haina maneno mengi: kila kitufe kina waya wake, na waya huo ukigusana na waya wa ardhi, mashine inajua kwamba kitufe kimebonyezwa. Padi ya kisasa, kwa upande wake, hutoa namba tupu mfululizo kupitia waya mmoja, kama mtu aliyezidisha kahawa. Kati ya hawa wawili Bi Lehemu aliweka kibao chenye ubongo wa kompyuta, kipana kama vidole viwili. Kibao kinazisoma namba za padi, kisha kinaziamuru transista sita, vijiswichi vya umeme, moja kwa kila upande wa kwenda na moja kwa kila kitufe, ziguse ardhi kwa niaba ya kidole cha mchezaji. Maagizo ya kibao aliyaandika siku tatu. Kulehemu kulimchukua adhuhuri moja tu, ulimi ukiwa umetoka pembeni ya mdomo, kama kawaida yake akiwa na raha.

Jaribio la kwanza lilifanywa adapta ikiwa uchi sakafuni. Mzimamoto alitii, ila akielekezwa kushoto alikwenda kulia, na kulia ndiko kulikokuwa na moto. Bi Lehemu akabadilishanisha nyaya mbili, mambo yakakaa sawa. Kinyozi akapiga kelele za furaha hadi mteja aliyekuwa kitini akajishika sikio kuhakikisha bado analo.

Lakini duka la kinyozi si mahali pa kuacha saketi uchi. Nywele zilizokatwa hazina adabu. Huingia kwenye chai, kwenye soksi, na kila jioni sakafu hupigwa deki kwa maji. Adapta ilihitaji nyumba. Bi Lehemu akachukua kopo la bati la biskuti, akaipigilia humo, akafunga kifuniko. Hapohapo mzimamoto akaanza kuruka pale pale alipo bila kuguswa, akaruka na kuruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Bati lilikuwa limegusa sehemu zilizolehemiwa chini ya kibao. Akajaribu kopo la plastiki la siagi. Likawa laini, ukivuta waya kifuniko kinafyatuka. Kisahani cha sabuni kilikuwa na matundu chini. Akapita nyumba nzima na rula yake, akipima kila chenye kifuniko, hadi mumewe akaficha kopo lake la tumbaku.

Kitu kimoja tu ndani ya nyumba ile kilifaa. Kilikuwa cha plastiki ngumu ya buluu, chenye bawaba, na ukikifunga kinasema *ta!* kwa uhakika. Kwa bahati mbaya kilikuwa kasha ambamo mama mkwe alilaza meno yake ya bandia.

"Muombe wewe," Bi Lehemu akambembeleza mumewe. "Ni mama yako."

"Mke wangu, niliwahi kumwomba mama ruhusa ya kukuoa. Nguvu zangu za kuomba ziliishia pale."

Bi Lehemu akapiga moyo konde. Alasiri, mama mkwe alipoingia kuoga, alinyata hadi chumbani kwake, si kuchukua, bali kupima tu ajue kama kuna haja ya kujifedhehesha. Urefu ulikubali. Upana ulikubali. Alikuwa kwenye kina pale sauti iliposema mlangoni:

"Tiketi?"

Bi Lehemu akageuka, kasha mkono huu, rula mkono huu. "Shikamoo, mama."

"Umeniamkia asubuhi. Hiyo ya sasa ni ya nini?"

"Ya... kuongezea, mama."

"Unapima meno yangu?"

"Kasha tu, mama. Meno hapana."

Hapakuwa na pa kujificha, hata choo. Akasimulia yote: transista, nywele, deki, kopo la biskuti, mzimamoto asiyeacha kuruka. Mama mkwe alimsikiliza akiwa amejifunga kanga, maji yakimdondoka. Kisha akaketi kitandani.

"Mwanangu, funga mlango."

Bi Lehemu akafunga.

"Kile kijiti nilikivunja mimi."

Rula ikamponyoka Bi Lehemu.

"Wewe hujawahi kujiuliza duka la hatua sita linafagiwaje saa nzima?"

"Nilidhani unafagia na chini ya viti, mama."

"Chini ya viti sijawahi kufagia." Bibi akashusha pumzi. "Siku ile nilikuwa paa la tisa. Paa la tisa, mwanangu! Moto ukaja kwa nyuma, nikavuta. Kikabaki mkononi. Nikakirudisha vile, nikafunga mlango. Mwanangu alipomtazama mwalimu kwa jicho baya, nikanyamaza. Mimi, niliyewashusha watu njiani kwa uongo mdogo kuliko huo."

Machozi yalikuwa yakimlengalenga, na Bi Lehemu, ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa hajawahi kuketi kwenye kitanda kile, akaketi.

"Chukua kasha," mama mkwe akasema. "Meno yatalala kwenye kikombe. Ila kwa mwalimu nitakwenda mwenyewe."

Kazi ya kasha ilifanywa kesho yake kibarazani, na mama mkwe hakubanduka. Bi Lehemu alitoboa matundu mawili kwa ncha ya moto, moja la padi, moja la nyaya za mashine. ("Hilo limepinda," alisema mama mkwe. Lilikuwa limepinda kweli.) Akayalainisha kwa tupa, akafunga kila waya fundo kwa ndani ili ukivutwa uvutike fundo, si saketi. Chini akatandika kipande cha kandambili kuukuu, kibao kikakaa juu yake bila kucheza. Akafunga. *Ta!*

Alasiri hiyo mama mkwe alivaa vazi lake la heshima akaenda kwa mwalimu. Hatujui walisema nini njiani, lakini waliingia dukani pamoja, na mbele ya wateja wanne bibi akasema kwa sauti ya behewani: "Kijiti nilikivunja mimi. Mwalimu hana kosa. Naomba radhi kwake, na kwako mwanangu."

Kinyozi akabaki na mashine ya kunyolea hewani, inanguruma bure.

Mwalimu alikuwa na swali moja. "Mama, ulikuwa umefika paa la ngapi?"

"La tisa."

"Mimi la sita sijalipita." Akatikisa kichwa. "Nimesamehe. Ila utanifundisha."

Kinyozi naye alikuwa na deni la maneno, akaanza kulilipa kwa kukipangusa kiti. "Kaa, mwalimu. Kichwa hiki amekiharibu nani?"

Tangu hapo bibi hucheza mchana kweupe, mbele ya watu. Shida pekee iliyobaki ni ya lugha. Mzimamoto akiungua, watu husema "umekufa," na neno hilo Bi Lehemu hawezi kumwambia mama mkwe wake. Mara ya kwanza alisema, "Mama, umepumzika," na bibi akamtazama kwa lile jicho la treni kisha akacheka mpaka akashika meno. Sasa wamekubaliana aseme "umeshuka kituo."

Habari zilienea, na wenye mashine kuukuu wakaanza kuleta maombi ya adapta. Bi Lehemu aliwaonyesha mfano wa kasha la mbao, zuri, alilochongewa na seremala. Wakalikataa. Walitaka kama lile la kwa kinyozi, linalosema *ta!*

Kwa hiyo wiki iliyopita alikwenda kwa daktari wa meno akaagiza makasha manane. Daktari akamtazama mdomoni kwa huruma.

"Nyumbani kwenu mko wangapi, dada?"

"Watatu, daktari. Makasha ni ya gemu."

Daktari akamwonyesha kiti, akamwomba afungue mdomo.