Jirani Aliyenipimia Wifi

Kuna mtu mmoja ninayemwombea dua kila Ijumaa, na yeye Ijumaa haimhusu. Ni jirani yangu wa ukuta mmoja hapa mtaani Nyakabiga, mama wa Kikatoliki anayefanya kazi ya kompyuta katika ofisi ya serikali. Siku ya kwanza kuzungumza naye kwa kirefu nilikuwa nimetoka kumtukana. Nalisema mapema, maana mke wangu akinisikia nasimulia habari hii na kuiruka sehemu hiyo, atairudisha yeye mwenyewe.

Mimi ni fundi magari. Nina hasira za karibu, hilo halina ubishi, gereji yote inajua. Lakini nina binti mmoja tu, wa mwisho, anasomea ufamasia huko Uturuki, na kwa kuwa amebeba jina la mama yangu, namwita mama. Kwa ajili yake ndipo nikaingiza wifi nyumbani. Zamani tulinunua inite za kupigia simu, tukasemezana maneno mawili, zikaisha. Wifi ilipokuja nikamwona uso mzima kwenye simu, anakula, anacheka, ananionyesha theluji dirishani kwake, nikamshukuru Mungu kwa kunifikisha zama hizi.

Kisha ile wifi ikashikwa na ugonjwa. Si kwamba ilikatika, ingekatika ningeelewa. Siku moja tunazungumza kama watu waliokaa mkeka mmoja, siku nyingine neno likitoka hapa linakwenda kuzurura kwanza. Namuuliza, mama, umekula? Nakunywa chai mafunda mawili, matatu, ndipo jibu linafika, na likifika mimi nimeshauliza jingine. Fundi yeyote atakwambia gari lililokufa kabisa si tatizo. Tatizo ni lile linalozima barabarani na kuwaka vizuri likifika gereji.

Katika siku hizo mbovu ndipo nilipomuuliza binti yangu jambo kubwa. Rafiki yangu wa miaka mingi, mfanyabiashara wa vigae anayekaa mtaa wa Kibenga, alimposa kwa ajili ya kijana wake. Kijana ana adabu, anaswali, ana kazi. Nilifurahi hadi nikasahau kula. Nikampigia binti baada ya alasiri, nimekaa sebuleni kwenye kiti changu, nikamweleza yote, nikamuuliza kama ameridhia. Akanitazama. Hakusema kitu. Nikangoja, nikangoja. Kwetu, mwanamwali akiulizwa akanyamaza, kunyamaza kwake huhesabiwa ridhaa, kwa sababu ya haya. Nikacheka kwa furaha, nikasema Alhamdulillah, nikakata simu haraka ili nimpigie rafiki yangu.

Mke wangu alikuwa mlangoni anachambua mchele. Akasema kimya kingi kina mshindo mkuu, nimuulize mtoto tena. Nikamuuliza, kwani yeye alipoposwa alipiga kelele? Akanijibu kwamba alinyamaza, ndiyo, lakini alinyamaza mbele ya baba yake, chumba kimoja, na baba yake alikuwa anaiona mikono yake. Nikakasirika, nikatoka. Siku zilizofuata alijaribu kumpigia binti yeye mwenyewe, koneksio ikawa ile ile ya maneno kukanyagana, na binti naye akawa anajibu kwa mkato: ana mitihani, ana usingizi, atapiga kesho.

Tukapanga nikaha baada ya wiki tatu. Sheikh wetu ndiye aliyeweka sharti. Alisema kimya cha mtoto aliyekaa mbele yake anakijua, kimya cha simu hakijui. Kabla ya kufungisha angemuuliza binti mwenyewe kwa video, na alitaka kusikia sauti. Mimi sikuona hekima yoyote humo, niliona aibu tu: wazee wamekaa, kanzu zimepigwa pasi, halafu mwanangu anatokea kwenye simu ameganda kama picha ya pasipoti. Nikaapa kwamba wifi ile itapona kabla ya siku hiyo, itake isitake.

Nikaanza na watu wa kampuni. Niliwafokea kwenye simu hadi wakamleta fundi wao Jumamosi. Akapima, akasema mbona iko nzuri, na kweli siku hiyo ilikuwa nzuri, nikabaki natazama chini. Jumatatu ikaugua tena. Ijumaa iliyofuata nikanunua ruta mpya, kile kifaa kinachorusha wifi, nikaifunga mwenyewe mwisho wa ukumbi, pale pale ilipokuwa ya zamani, kwa sababu waya unaingilia hapo. Ikaenda kama mshale. Nikamwita mke wangu aje aone kazi ya mwanamume. Jumatatu, yale yale.

Hapo nikaamua kwamba naibiwa. Nyumba ya jirani ina vijana watatu wenye simu, na akili yangu ikaona imepata jawabu. Nikasimama ukutani nikasema maneno mengi, jepesi kuliko yote likiwa kwamba watu wanaokwenda kanisani kila Jumapili wangeacha kunyonya wifi ya wenzao. Karitsiye nzima, mtaa wote, ikasikia. Mke wangu aliingia ndani akafunga dirisha.

Saa kumi na moja jioni ile ile jirani akabisha hodi, kompyuta kwapani. Nilidhani amekuja tumalizane. Akanisalimia kwa heshima, akasema kwao wana wifi yao, tena ina nguvu kuliko yangu, kwa hiyo kama kuna mwizi katika kuta hizi, labda ni mimi. Mke wangu alicheka hadi akakaa chini. Kisha yule mama akauliza, kwa upole, ugonjwa wenyewe ukoje. Mimi kama ningetukanwa vile nisingevuka kizingiti cha mtu. Yeye alivuka, na hilo ndilo la kwanza ninalomshukuru.

Akakaa kwenye kiti changu cha sebuleni, akafungua kompyuta. Alinieleza kwamba inatuma neno dogo, linagonga mlango na kurudi, na kompyuta inahesabu limekawia kiasi gani. Kwanza aligonga kwenye ruta yangu tu, hatua kumi na tano, ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Neno likachukua sekunde nzima, mara nyingine mbili, mara nyingine halikurudi kabisa. Halafu akaenda kusimama mwisho wa ukumbi, karibu na ruta, akagonga tena, safari hii Ulaya. Likaenda na kurudi sijapepesa jicho.

"Mzee," akasema, "mutandao iko muzima. Inafika mpaka kwako muzima. Shida iko humu ndani ya nyumba."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimeshawafokea watu wa kampuni, nimenunua ruta, nimemtukana jirani, na ugonjwa ulikuwa chini ya paa langu. Nikauliza sasa nifanyeje, nivunje ukuta? Akanitazama kidogo.

"We ni fundi. Mutu akileta gari, unamuuliza nini kwanza?"

Namuuliza inaanza lini. Asubuhi ikiwa baridi, au jioni? Ikipanda mlima wa Gihosha, au kwenye tambarare? Miaka yote nimewafundisha vijana gereji kwamba usifungue boneti kabla hujauliza, na kwenye nyumba yangu nilifungua mdomo tu. Jirani akaniagiza kila siku baada ya alasiri niketi kiti kile kile, nipime, niandike. Akaniwekea kipimo kwenye simu, akanionyesha pa kubonyeza, akakataa hata chai kwa sababu watoto walikuwa wanamngoja.

Nikaandika siku nane. Jumatano mbaya, Alhamisi mbaya, Ijumaa nzuri, Jumamosi nzuri, Jumapili nzuri, Jumatatu mbaya, Jumanne mbaya, Jumatano mbaya. Niliikodolea macho karatasi ile kama mtu asiyejua kusoma. Nikasema basi kampuni wanatubania siku za kazi. Mke wangu akaichukua mkononi, akaisoma mara moja tu.

"Hii ni kalenda ya sinia zangu," akasema.

Mke wangu ndiye mtunzaji wa vyombo vya chama cha akina mama wa mtaa wetu. Sinia kubwa arobaini za alumini, na masufuria ambayo mtoto anaweza kuogea. Pakiwa na harusi au matanga, watu wanakuja kuvichukua, na harusi zetu ni mwisho wa wiki. Ijumaa asubuhi vinatoka, Jumatatu vinarudi vimeoshwa, anavipanga stoo, vimesimama ukutani hadi darini. Na stoo ile iko katikati, kati ya ruta na kiti changu.

Tulivitoa vyote uani, sisi wawili, tukihema. Nikakaa kwenye kiti nikapima: neno likaenda na kurudi papo hapo. Kwa kuwa mimi ni fundi, sikuamini. Tukavirudisha stoo, nikapima: sekunde nzima. Tukavitoa tena. Mke wangu akasema nikimwambia avirudishe mara ya tatu atanifungia mimi stoo. Nikabisha hodi kwa jirani, nikamwomba radhi mbele ya vijana wake wote watatu, kwa sauti kubwa ile ile niliyomtukania, ili waliosikia la kwanza wasikie na la pili. Akacheka, akasema anajua alumini huzuia wifi, ila hakuwahi kufikiria sinia. Sijawahi kuona haya zikawa tamu namna ile.

Zilikuwa zimebaki siku tatu kufika nikaha. Nikarudi, nikaketi, nikampigia binti. Sura yake ikatokea safi, nikaona hata kwamba amekonda. Nikamsimulia habari za sinia kwa furaha, hakucheka. Nikaona ni mitihani. Nikamwambia Jumamosi sheikh atamuuliza mwenyewe, na sasa hakuna shida tena, atajibu na kila mtu atamsikia.

"Apana, baba."

Lilifika hata sijafunga mdomo. Nikadhani hataki kuulizwa na sheikh, nikaanza kumweleza kwamba sheikh ni mtu mpole. Akanikatiza, na yeye si mtoto wa kunikatiza.

"Nilikuambia apana ile siku. Nilisema mara tatu. Ukacheka, ukasema Alhamdulillah, ukakata."

Damu ilinipanda kichwani. Astaghfirullah, nitasema ukweli: jambo la kwanza nililoliona mbele yangu halikuwa uso wa mwanangu. Lilikuwa uso wa rafiki yangu wa Kibenga, na watu walioalikwa, na mimi nimesimama kati yao bila la kusema. Nikafungua mdomo kufoka. Mke wangu akaniwekea mkono begani, akaukandamiza hapo. Nikaanza upya, kwa sauti ya chini. Nikamwambia sikusikia, wallahi sikusikia hata moja. Nikamweleza jinsi sauti ilivyokuwa inapotea na picha inaganda, kwamba nilimwona amenyamaza tu, kwamba nilicheka kwa furaha. Akasema alidhani mimi na mama yake tumeshaamua, na kwamba nilimcheka. Alikaa na jambo hilo wiki tatu, peke yake, nchi ya watu, na mitihani. Akasema kijana ni mzuri, hana kosa, ila yeye hamtaki.

Halafu akauliza.

"Na kama ungenisikia ile siku, baba, ungekubali?"

Mtandao ulikuwa mzima. Mimi ndiye niliyekawia. Ningeweza kusema ndiyo, ningekubali, na angeniamini, kwa sababu alitaka sana kuniamini. Lakini najijua. Ningefoka. Ningemwambia hajui kheri yake. Ningewaita wajomba, ningemtuma mama yake, ningempigia asubuhi na jioni mpaka achoke, na siku atakayochoka ningeita kuchoka kwake ridhaa. Na haya yote ningeyafanya kwa mapenzi, nikila vizuri na kulala vizuri. Namshukuru Mungu kwa jirani yule, lakini kwa swali lile namshukuru zaidi, maana hakuna mtu mwingine duniani ambaye angethubutu kuniuliza.

"Baba, uko?"

"Niko," nikasema. "Ile siku, apana. Ningekulazimisha. Leo nakubali, mama. Kesho asubuhi naenda Kibenga kuwaambia mimi mwenyewe."

Hakuniambia asante. Alianza kulia, kilio cha mtu aliyekizuia siku nyingi. Mke wangu akavuta kigoda akakaa karibu yangu ili naye aonekane kwenye simu. Mkono wangu ukaanza kuuma kwa kuishika, nikabadilisha mkono, nikaendelea kuishika mpaka alipomaliza.