Aliyeosha Sufuria Matangani Kwetu

Kama unataka kucheka, cheka sasa tumalizane, maana nimechoka kuchekwa katikati ya maneno. Polisi wamenicheka, kaka yangu Wachira amenicheka, hata mchungaji alinishika bega akaniambia nipumzike. Sihitaji kupumzika. Haya yalitokea nyumbani kwetu Tetu, watu wakiona, na chai aliyokunywa yule mtu niliipika mimi kwa mikono yangu hii.

Unamkumbuka yule tajiri wa unga aliyetoroka? Si unga wa ugali, ni ule mwingine unaowamaliza vijana. Alikuwa akipelekwa kortini Nairobi, gari likafika, mlango ukafunguliwa, yeye hayumo. Basi nchi nzima ikageuka wapelelezi. Wengine walisema amevuka mpaka, wengine wakaapa yuko msituni Aberdare anakula asali, wengine ati amefichwa na mkubwa fulani chumbani kwake. Pale Kenol, kwenye barabara kuu ya kutoka Nairobi, magari yalikuwa yakisimamishwa na kupekuliwa mpaka abiria wanashuka kununua mahindi ya kuchoma na kurudi. Hakuna hata mmoja aliyesema labda anaosha sufuria kwenye matanga ya watu. Nani angewaza hivyo?

Mimi sikuwa na nafasi ya kuwaza. Wiki hiyo hiyo ndugu yetu mdogo, Kariuki, alikutwa amekufa nyuma ya vibanda vya steji ya matatu mjini Nyeri. Unga huo huo. Nilikuwa nimemtoa pale mara nyingi, nikamwogesha, nikamlisha, nikamfungia chumbani, naye akavunja dirisha akarudi. Nilikuwa na hasira naye hata akiwa ndani ya jeneza. Na nilikuwa na hasira kubwa zaidi na yule tajiri, ambaye uso wake nilikuwa nimeuona kwenye televisheni tu. Nilimwapia mama yangu kwamba siku nikimwona kwa macho, nitapiga kelele mpaka mlima usikie.

Sasa, ili unielewe, lazima ujue tunavyopeana majina. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Huyo ni mimi. Ndiyo sababu watu wa upande wa baba, hata waliozaliwa kabla yangu, huniita Cucu, yaani nyanya. Nimekuwa nyanya ya watu tangu nikiwa nanyonya. Mvulana wa pili naye hupewa jina la baba ya mama. Huyo alikuwa Kariuki, na Mami, mama yetu, hakumwita kwa jina hata siku moja. Alimwita Baba. Mwingine aliyemwita hivyo alikuwa mjomba Njoroge, ndugu pekee wa Mami, aliyeenda Rift Valley kutafuta kazi Kariuki akiwa mtoto mdogo, na hatukumsikia tena.

Yule mtu alikuja jioni ya maombi, ukungu umeshuka hadi kwenye majani chai na mvua ya rasharasha inanyesha. Watu walikuwa chini ya hema wakiimba. Mimi nilikuwa peke yangu kwenye kibanda cha kupikia, moshi unaniliza, na sufuria za githeri zimerundikana maana wasichana wote walikuwa wametoroka wakaenda kuimba. Akaingia mwanamume, akakunja mikono ya shati, akachota jivu, akaanza kusugua.

"Pole, cucu," akasema.

Nikamtazama. Alikuwa Gathogo, mtoto wa baba mkubwa, aliyeshuka Kenol kupakia mizigo kwenye malori, simu yake ikazimwa tukampoteza. Pua ni ile, pengo la meno ni lile.

"Gathogo! Ni wewe kweli?"

"Kazi ni mingi hapa, cucu. Wacha nikusaidie."

Umesikia? Hakusema ndiyo. Nimeyarudia maneno hayo kichwani mpaka yamenichosha, na hakuna mahali alipodanganya. Nilimmiminia chai. Alipopokea kikombe niliona mkono wake wa kushoto: kidole cha mwisho kilikuwa kimekatika nusu, na juu ya kiganja kulikuwa na kovu pana la kuungua. Nikajiambia ni hiyo kazi ya malori. Kisha nikaona jambo lingine. Alikuwa ameosha sufuria tatu zilizojaa masizi, na maji ya karai yalikuwa safi kama yaliyotoka mferejini sasa hivi. Niamini, niliyaona. Lakini mtu aliyefiwa huona mengi, na sufuria zilikuwa zimeoshwa. Nikashukuru nikaendelea kukatakata kabeji.

Alikaa mpaka siku ya mazishi. Alilala stoo pamoja na viti vya kukodi. Alipasua kuni, akabeba maji, akaingia kaburini na jembe pamoja na vijana wa kijiji. Utaniuliza, hakuna aliyemuuliza yeye ni nani? Wewe hujui kwetu. Mtu akija matangani akakaa tu na kula, watu watanong'onezana mpaka wajue ukoo wake wote. Lakini aliyeinama juu ya sufuria chafu ni wa nyumbani. Utaanzaje kumuuliza? Ni kumtukana.

Sasa sikia linaloniudhi kuliko yote. Siku ya mazishi chifu alikuja na askari wawili. Akashika kipaza sauti, akatuhutubia kuhusu yule mtoro, ati tukiona mgeni tusiyemjua turipoti mara moja. Na nyuma yake ni nani aliyekuwa amesimama na trei ya vikombe? Askari mmoja alichukua chai kwake, akaongeza na vipande viwili vya mkate, akasema asante.

Msimamizi wa shughuli alipoita watu wa upande wa baba wasimame wajulikane, nilimwona yule wa sufuria akisimama nao. Kisha nikaenda jikoni. Mami naye anaapa kwamba upande wake ulipoitwa, mtu huyo huyo alisimama nao pia. Na pale kaburini, wakati wa kutupa udongo, alisogea karibu, akatupa wake, akasema polepole, "Lala, Baba."

Mami aliinua kichwa. Tangu Kariuki afe alikuwa hajatoa machozi, tulikuwa tumeanza kuogopa. Akasema, "Njoroge?" Kisha akalia. Alilia kama mtu aliyefunguliwa kamba, na yule mwanamume akamshika mpaka akatulia. Mimi nilidhani ni majonzi yamemchanganya. Kabla hema hazijafunguliwa, mtu wetu alikuwa ameondoka bila kuaga.

Majuma machache baadaye tulikuwa sebuleni, mimi, Mami na shangazi Nyambura, tukitazama habari. Wakaonyesha tena picha ya yule tajiri, na mara hii polisi wakataja alama za kumtambua. Mkono wa kushoto, kidole cha mwisho kimekatika nusu. Kovu la kuungua juu ya kiganja.

Nilisimama mpaka kikombe kikaanguka.

"Ni yeye! Yule wa sufuria! Yule tuliyedhani ni Gathogo!"

"Gathogo gani?" Mami akauliza. "Yule alikuwa Njoroge, ndugu yangu. Nilimshika na mikono yangu."

Shangazi akatuangalia kama watu waliopotea njia. Mume wake alimwacha miaka mingi iliyopita, na jina lake halitajwi nyumbani. "Nyinyi mnasema nini?" akasema. "Yule alikuwa Maina. Alikuja kuniomba msamaha na akashindwa kuongea. Nilimwona nikanyamaza, kwa sababu ya mazishi."

Nikainama kuokota kikombe. Televisheni ilikuwa imeshaanza kutangaza sabuni.

Wachira nilipomwambia alisema niko na stress. Nikamlazimisha amtafute Gathogo, na baada ya kupiga simu huku na huku tukampata kweli, huko huko Kenol, mzima, mwenye vidole vyake vyote. Hakuwa hata na habari kwamba Kariuki amekufa. "Hamkunitafuta wakati wa mazishi, mnanitafuta sasa ati kuniuliza vidole?" akasema, akakata simu. Alikuwa na haki.

Basi nikaenda polisi. Wachira alikuwa amerekodi video siku ya mazishi, na mahali fulani yule mtu anapita na vikombe, mkono unaonekana wazi. Nikampa askari wa zamu simu. Alianza kutazama akitabasamu, ile tabasamu ya kumvumilia mama mwenye kelele. Kisha tabasamu ikaisha. Akarudisha nyuma, akatazama tena, akaleta simu karibu na macho.

"Mama, hii video umetoa wapi?"

"Ni ya kwetu Tetu. Si unaona mkono?"

"Mkono gani? Huyu ni brathe yangu. Huyu ni Karanja. Alipotea kitambo sana, sisi tulitafuta mpaka tukachoka." Machozi yalikuwa yamemjaa. "Niambie ukweli, mama. Ako wapi?"

Ungefanya nini? Nilimwonyesha kidole, nikamwonyesha kovu, nikapandisha sauti. Yeye hakuona mkono, aliona uso tu. Wenzake walipokuja kuangalia kelele ni za nini, mmoja akacheka, wa pili akatazama simu akanyamaza, na wa tatu akanitoa nje akiniambia nisirudi kuwasumbua watu kazini. Nililia njiani kwa hasira. Nilikuwa na mtu aliyemuua ndugu yangu ndani ya simu, na hakuna wa kumwona.

Nyumbani nako nikashindwa. Nilipojaribu kumweleza Mami tena, alinikatiza. "Wewe unataka nini? Wamenichukulia Baba, sasa unataka kunichukulia na Njoroge?" Tangu siku hiyo kila Jumapili anamwekea sahani. Mimi ndiye ninayeiosha, ikiwa na chakula chake vile vile.

Sikiliza mwisho wake. Mwezi uliopita nilienda mazishi Othaya, baba ya rafiki yangu wa kanisani. Ilikuwa mchana, rasharasha ileile. Nilibeba sufuria nikaipeleka nyuma ya nyumba kunakooshewa, na pale kulikuwa na mwanamume ameinama juu ya karai. Nilikuwa nimejifunza. Sikutazama uso, nilitazama mikono. Kidole nusu. Kovu. Maji ya karai, safi.

Langoni kulikuwa na askari, niliwapita nikiingia. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo tu. Nilivuta pumzi ya kupiga kelele, ile kelele niliyomwapia Mami, na yeye akainua kichwa.

Alikuwa Kariuki. Si yule niliyemtoa nyuma ya vibanda. Alikuwa Kariuki wa zamani, mashavu yamejaa, kabla ya unga, na lile cheko lake la kuomba msamaha hata kabla hajakosa.

"Cucu," akasema. "Umekula?"

Nikamjibu, "Bado." Nikampa sufuria niliyoishika, nikakaa kwenye jiwe, nikamtazama akiosha mpaka ya mwisho. Kelele sikupiga. Askari walikunywa chai wakaenda zao.

Kwa hiyo ukisikia watu wanauliza kwa nini hapatikani, waambie waache kupekua malori Kenol. Na ukifiwa, Mungu apishe mbali, akaja mtu anayependa kazi na ambaye ulikuwa umemkosa sana, mtazame mikono kabla ya uso. Ukianza na uso umekwisha. Lakini naona nakuonya bure. Mimi nilianza na mikono, na nikamwacha aende.

Jumamosi hii kuna mazishi huko juu, karibu na msitu. Marehemu simjui, wala watu wake siwajui. Nimeshaomba lifti.