Viatu Nilivyoviacha Nikienda Kakuma

Siku ya kufunga mizigo, nyumbani Machame, mwaka 2013, nilipaswa kusema hapana. Kanisa letu lilikuwa linanituma Kenya, kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, nikajitolee kutengeneza madawati, maana mimi ni fundi seremala. Begi lilikuwa limejaa. Mama Ndeshi, mwenyekiti wa akina mama, alisimama mlangoni na furushi la sweta walizofuma wenyewe.

"Babu, toa hayo mabuti. Huko ni jangwa, kandambili zinakutosha."

Nina kisukari. Daktari alikuwa amenikataza viatu vya wazi, kwa kuwa nyayo zangu zilishaanza kufa ganzi. Mama Ndeshi hakulijua hilo, nami niliona haya kulisema mbele ya watu. Nikayatoa mabuti, sweta zikaingia mahali pake.

Hadi Kitale safari ilikuwa nyepesi. Baada ya hapo tukashuka milima, lami ikawa mashimo matupu, na joto likawanyamazisha abiria wote.

Lodwar nilipokewa mtaa wa Nawoitorong na mama mmoja aitwaye Akiru. Alinisalimia, "Ejok," kisha akatazama chini.

"Mzee, viatu iko wapi?"

"Ndivyo hivi."

"Hii? Mwiba ya huku inapita hiyo kama ugali. Kesho tupite soko, nikutafutie ya kufunika."

Nikamwambia asisumbuke, nimezoea.

Kakuma niliwafungulia sweta wanawake wa Sudan Kusini waliouza chai karibu na shule. Walicheka hadi mmoja wao, Nyandeng, akakaa chini.

"Babu, umetuletea baridi ya kwenu kwa gunia?"

Hata hivyo hakuitupa yake. Aliilowesha, akaivisha jerikeni ya maji, na jioni tukanywa maji ya baridi kweli. Usiku huo nililala nikijiona nimefanya vyema.

Siku chache baadaye nilikuwa napiga randa uani mwa shule, Nyandeng akaniletea chai.

"Babu, unaacha damu."

Niligeuka. Alama zilianzia kwenye rundo la mbao, zikanifuata mchangani hadi nilipokuwa. Mwiba ulikuwa umepenya kandambili na kuvunjikia ndani ya unyayo. Sikuwa nimehisi kitu.

"Twende kliniki."

"Ni kidogo tu, mama. Madawati hayajaisha."

Nikauosha mguu kwa maji ya chumvi, nikarudi kazini. Kila asubuhi aliniuliza, na kila asubuhi nilisema umepona.

Wakati wa kurudi, kwenye basi la Kitale, kijana tuliyekaa naye aliomba ahamishwe kiti. Hakusema sababu. Harufu ilikuwa ya mguu wangu.

Anayejiandaa kwenda kuwasaidia wengine aanze kufunga kinacholinda afya yake, na kama wenzake hawajui ugonjwa wake, awaambie. Mimi nilijifunza hayo hospitalini Moshi, nikiwa nimechelewa. Walinikata mguu wa kulia chini ya goti. Siwezi tena kusimama kwenye kazi. Karakana nimeiuza, na chakula changu nakipata kwa kumwomba mwanangu.